Mtaa Usioonekana Tena: Kuzitambua Picha za Kale za Mji Mkongwe na Ng'ambo

Swali la msomaji: "Assalaam alaikum. Marehemu bibi yetu aliondoka Unguja mwaka 1964 akaja Muscat na albamu ndogo ambayo sasa imebaki mikononi mwangu. Ndani yake zimo picha nne za mitaa ambazo katika ukoo wetu hakuna anayezitambua. Ya kwanza ina reli katikati ya njia nyembamba, na nyuma yake pameandikwa kwa penseli 'Malindi'. Ya pili ni maji yenye mitumbwi, na nyumba upande wa pili. Ya tatu ni mji unavyoonekana kutoka baharini. Ya nne ni bibi mwenyewe akiwa kijana, amesimama mbele ya kiduka, na wazee husema hapo ndipo yalipokuja kujengwa majumba ya Michenzani. Mwaka jana nilikwenda Unguja nikazunguka na picha hizo kwenye simu kwa siku tatu, nisipaone hata pamoja. Nifanyeje nizitambue kwa yakini?"

Jibu: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Nimekaa na nakala zako kwa siku kadhaa, na nianze na kosa la safari yako, kwa kuwa ndilo kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, na mimi mwenyewe nimelifanya mara nyingi: ulikwenda kuutafuta mtaa kabla ya kuitafuta tarehe. Njia za Mji Mkongwe zinafanana sana. Ukuta wa mawe na chokaa, baraza ya kukalia, mlango wa nakshi na roshani ya mbao juu yake utavikuta Shangani, Kiponda, Hurumzi na Sokomuhogo vile vile. Anayezunguka bila kujua picha ni ya miaka gani ama ataona mahali kumi panapofanana nayo, ama hataona hata pamoja, kwa sababu kile ambacho kingemjulisha mahali kilikwisha kubomolewa. Tarehe ikipatikana, hata kama ni ya kukisia baina ya mwaka fulani na mwingine, sehemu kubwa ya mji huondoka kwenye hesabu, na miguu hupunguziwa kazi.

Kwa hiyo tuanze na picha ya tatu, ile ya baharini, maana hiyo inaweza kujitolea ushahidi yenyewe. Jengo kubwa lililo katikati ni Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Wengi hudhani kwamba mnara wa saa ulikuwapo tangu mwanzo, na sivyo. Hapo awali mnara ulisimama peke yake mbele ya majumba ya Sultani, karibu na maji, ukitumika kama mnara wa taa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliyapiga majumba hayo kwa mizinga kwa muda usiotimia dakika arubaini, na mnara ule uliharibika vibaya ukaondolewa. Beit al-Hukm, jumba lililokuwa jirani ya Beit al-Ajaib, lilitoweka kabisa. Mwaka 1897 ndipo mnara wenye saa ulipounganishwa na Beit al-Ajaib yenyewe, ukabaki hapo mpaka sehemu ya mbele ya jengo ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Basi picha yoyote yenye mnara uliosimama peke yake mbele ya jengo ni ya kabla ya Agosti 1896, na yoyote yenye mnara juu ya jengo ni ya 1897 au baadaye. Yako ni ya namna ya pili.

Hapo tumepata mwanzo, bado mwisho. Katika barua yako umeandika kwamba vijiti vitatu vinavyotokeza majini huenda ni nguzo za wavuvi. Zikuze tena uzitazame: ni milingoti. Meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilizamishwa siku ile ile ya mizinga, na kwa kuwa bandari si ya kina kirefu, milingoti yake ilibaki imetokeza juu ya maji mbele ya mji hadi mwaka 1912, mabaki yalipovunjwa na kuondolewa. Sijui kielelezo kingine cha mji huu kinachofunga tarehe vizuri namna hiyo. Picha yako, basi, ilipigwa baina ya 1897 na 1912, na hapana haja ya kubishana zaidi.

Wingi wa majahazi unaweza kukupa hata msimu. Vyombo vya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi viliingia Unguja kwa kaskazi, kuanzia Desemba hivi, vikangoja kusi ili virudi makwao. Bandari iliyojaa namna hiyo ni bandari ya miezi ya mwanzo wa mwaka. Tena uso wa Beit al-Ajaib umepata jua kamili, na kwa kuwa jengo hilo linatazama baharini, upande wa kaskazini-magharibi, mpiga picha alikuwa kazini alasiri. Mbingu nyeupe isiyo na wingu usiitegemee kwa lolote, kwani bamba za kupigia picha za zama hizo hazikuweza kuipambanua rangi ya buluu, nazo ziliifanya nyeupe, ilhali nyekundu ziliifanya nyeusi. Ndiyo sababu bendera ya Sultani, ambayo ilikuwa nyekundu tupu, inaonekana katika picha yako kama kitambaa cha msiba.

Kuna jambo moja lililonisumbua mpaka nikacheka. Katika nakala uliyoniletea, Ngome Kongwe iko kushoto kwa Beit al-Ajaib. Mtu aliye baharini akiutazama mji huiona Ngome mkono wake wa kulia, na kasri ya Beit al-Sahel mkono wa kushoto. Kwa hiyo picha imechapwa kinyumenyume, jambo lililokuwa rahisi kutokea zama za bamba za kioo: bamba likigeuzwa upande, mji mzima hugeuka kama katika kioo cha kujitazamia. Huenda hii pekee ndiyo iliyokupotezea siku moja kati ya zile tatu. Kabla ya kutoka na picha yoyote ya zamani, tafuta herufi, nambari ya chombo au saa ya ukutani ili ujue kama imegeuzwa. Nguo za watu wetu hazisaidii sana, kwa sababu kanzu haina upande.

Nyuma ya picha hiyo upo muhuri wa A. C. Gomes, mmoja wa wapiga picha wa Kigoa waliofanya kazi Unguja wakati huo. Muhuri wa studio ni kitu cha thamani, lakini uelewe unasema nini. Unaitambulisha karatasi, na karatasi inaweza kuwa changa kuliko picha kwa miaka mingi, maana studio zilihifadhi bamba zao na kuzichapa tena kila alipotokea mnunuzi, na wengine walinunua bamba za wenzao wakaweka mihuri yao. Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imewauzia watu wa vizazi kadhaa nakala za picha za zamani. Mwenye nakala ya namna hiyo huapa kwamba picha ni ya siku iliponunuliwa, naye hasemi uongo. Amechanganya tu siku mbili.

Sasa picha ya maji na mitumbwi. Ukiitafuta leo hutaiona kwa sababu maji yenyewe hayapo. Mji Mkongwe ulikuwa karibu kuwa kisiwa. Mkono wa bahari uliingia kutoka upande wa Funguni ukapita nyuma ya mji kuelekea Mnazi Mmoja, ukijaa na kupwa pamoja na bahari. Watu walivuka kwa daraja, na jina la Darajani limebaki hata baada ya daraja kwenda. Waliokaa upande wa pili waliitwa watu wa ng'ambo, kwa maana ile ile ya kawaida ya ng'ambo ya maji, kabla neno halijawa jina la mitaa. Mkono huo ulifukiwa kwa awamu katika karne ya 20, na juu yake ikapita barabara ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la Creek Road, na ambayo leo ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Ulipokuwa ukingoja daladala Darajani, kwa hiyo, inawezekana ulisimama ndani ya picha yako bila ya kujua.

Lakini ni sehemu gani hasa ya mkono huo? Hapa inafaa tukae kidogo, kwa kuwa njia nitakayoieleza hutumika kwa picha nyingi za mji huu. Juu ya mapaa ya mji, nyuma ya maji, unaonekana mnara mmoja wenye ncha, na mbali kidogo minara miwili iliyofanana. Ule mmoja ni wa kanisa la Kianglikana la Mkunazini, lililojengwa mahali pa soko la watumwa baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Ile miwili ni ya kanisa la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa miaka ya 1890. Kwanza, picha haiwezi kuwa ya kabla ya minara hiyo miwili. Pili, na hili ndilo muhimu zaidi, makanisa haya yamekaa karibu katika mstari mmoja wa mashariki na magharibi, la Mkunazini likiwa mashariki, jirani na ule mkono wa bahari. Mtu anayeutazama mji kutoka upande wa Ng'ambo, akiwa kaskazini ya mstari huo, yaani upande wa Darajani, ataiona minara miwili kuliani mwa ule mmoja. Akiwa kusini, upande wa Mnazi Mmoja, ataiona kushotoni. Na akiwa juu ya mstari wenyewe, mnara wa Mkunazini utaifunika ile miwili. Katika picha yako iko kuliani, na nafasi baina yao ni pana, kwa hiyo mpiga picha alikuwa upande wa Darajani. Chukua ramani ya leo, weka rula juu ya makanisa mawili, kisha isogeze mpaka uwiano wa nafasi ulingane na wa kwenye picha. Utapata ukanda mwembamba wa kutafuta badala ya mji mzima. Hakikisha tu kwanza kwamba na hii haikugeuzwa, maana ikiwa imegeuzwa basi jibu linakuwa kinyume chake. Mimi nimeridhika kwamba haikugeuzwa, kwa sababu maandishi yaliyo juu ya ghala la kushoto yanasomeka.

Picha ya kwanza, ile ya reli, ndiyo itakayokusikitisha kidogo. Naelewa kwa nini kila mtu nyumbani aliridhika na neno "Malindi". Unguja ilikuwa na reli ya kweli: mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilifungua njia ya treni ya moshi kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, mwendo wa kilomita 11 hivi, nayo ilipita katika njia nyembamba za mtaa wa Malindi, karibu na milango ya watu. Safari za abiria zilikoma miaka ya 1920. Kwa hiyo reli, njia nyembamba na neno Malindi vikikutana, ni nani atakayeuliza zaidi?

Hata hivyo itazame reli yenyewe. Mwanamume aliyesimama katikati ameweka mguu mmoja nje ya chuma hiki na mwingine nje ya chuma kile, bila ya kujitanua. Upana huo ni kama sentimita 60 tu, mdogo mno kwa treni ya Bububu. Kisha kitu kilicho mwisho wa njia, ambacho umekiita behewa, ni kigari chenye kiti na kipaa cha turubai, na nyuma yake kuna watu wawili waliokiinamia. Wanakisukuma. Hilo ni toroli la Mombasa. Tangu miaka ya 1890 mpaka miaka ya 1920 Mombasa ilikuwa na vijireli vya namna hiyo barabarani, na wakubwa, maofisa na matajiri walisukumwa juu yake kutoka nyumbani hadi ofisini. Ninaamini kwamba unatazama Mji wa Kale wa Mombasa, na kazi ya kuutafuta mtaa wenyewe ianzie Ndia Kuu. Ncha ya mnara mweupe inayochungulia nyuma ya mapaa isikurudishe Unguja, kwani miji yote miwili ina msikiti maarufu wenye mnara wa pia: Malindi Bamnara ya Unguja, na Msikiti wa Mandhry wa Mombasa.

Je, aliyeandika kwa penseli alikosea? Si lazima. Malindi ni mtaa wa Unguja, lakini pia ni mji ulio kaskazini ya Mombasa, na karatasi hii ni postikadi ambayo nyuma yake imegawanywa kwa mstari, upande mmoja wa salamu na upande wa pili wa anwani. Kwa Waingereza mgawanyo huo uliruhusiwa mwaka 1902, kwa hiyo kadi haikuchapwa kabla ya hapo, ingawa picha inaweza kuwa ya zamani zaidi. Neno lililoandikwa upande wa salamu huenda halielezi picha hata kidogo. Huenda ni mahali alipokaa mwandikaji au alipokuwa anakwenda. Uliza nyumbani kama bibi alikuwa na jamaa Mombasa au Malindi ya bara, na ulinganishe mwandiko huo na barua zake. Maandishi ya nyuma ya picha ni shahidi, na shahidi huulizwa alikuwa wapi na alijuaje kabla ya kuaminiwa.

Picha ya nne nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyo ngumu na, nadhani, ndiyo unayoitaka kuliko zote. Mpiga picha wa studio alipiga kasri na makanisa kwa kuwa yaliuzika kwa wageni. Njia za Ng'ambo zilipigwa na jamaa wa nyumbani, na hazina mnara wa kuzitambulisha. Kisha zikaondoka kwa namna nyingine kabisa. Mji Mkongwe ulipoteza nyumba moja hapa na nyingine pale, lakini sehemu kubwa ya Ng'ambo ilibomolewa kwa mpango baada ya Mapinduzi ya 1964. Barabara mbili pana zilipasuliwa zikakutana Michenzani, na kandokando yake, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, yakasimama majumba marefu ya ghorofa yaliyopangwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki. Barabara hizo hazikufuata njia za zamani. Zilipita juu yake. Hapana kona iliyobaki ya kupimia.

Tarehe, walakini, tunaweza kuibana. Bibi aliondoka mwaka 1964, na huo ndio mwisho wetu. Ubao ulioegemezwa kwenye kiduka una bei ya shilingi, na Unguja ilitumia rupia mpaka mwaka 1936 shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi yake. Huo ndio mwanzo wetu. Umri wa bibi utaupunguza muda huo zaidi, nawe unaujua kuliko mimi. Paa si la mabati ya dukani kama ulivyoandika. Ni madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kubapwa, na ukikuza utaona viungo vya mraba mraba. Lilikuwa paa la mtu aliyeondoka kwenye makuti na hajafika kwenye bati. Nyuma ya kiduka uko mwembe mkubwa wenye tawi lililokatwa. Usiudharau mti huo. Miembeni, Mwembetanga na Mwembeladu ni majina ya mitaa yaliyotokana na miti, na mtu asiyekumbuka nyumba hukumbuka mwembe aliouparamia.

Kwa picha kama hii hakuna programu itakayokusaidia kuliko wazee waliokulia hapo, ila namna ya kuwauliza ina adabu yake. Usimwambie mtu "hapa ni Michenzani, sivyo?" Kwa heshima atakuitikia, na hapo umeuharibu ushahidi. Mpe picha iliyochapwa kubwa, si simu, usiseme lolote, kisha umuulize: ukitoka hapa na kushika njia hii unafika wapi? Maji mlichota wapi? Msikiti wa karibu ni upi? Wanaume mara nyingi hukumbuka msikiti, baraza ya kahawa na uwanja wa mpira. Kina bibi hukumbuka bomba la maji na nyumba zilizofanyiwa harusi. Waulize watu watatu wasiokutana, na andika maneno yao kama walivyoyasema. Misikiti mara nyingi huachwa nyumba zinapobomolewa, kwa hiyo msikiti watakaoutaja wote watatu unaweza kuwa nukta ya kwanza ya kuibandika ramani ya zamani juu ya ramani ya leo. Ramani hizo ziulizie katika Nyaraka za Zanzibar zilizopo Kilimani, ukiwa na miaka yako mkononi, yaani baina ya 1936 na 1964. Kwa picha nyingine tatu, mkusanyiko wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki na huonekana bure kwenye intaneti; huenda ukaikuta picha yako ya tatu ikiwa imeelekea upande wake wa haki.

Mambo machache kuhusu karatasi zenyewe. Usizibandue kwenye albamu, kwa sababu mpangilio wa bibi nao unasema kitu. Zipige skani kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi, mbele na nyuma, na ukiandika lolote liandike kwa penseli laini pembeni ya nyuma. Nakala moja uliyoniletea imepitishwa kwenye programu ya kutia rangi na kuongeza ukali, na tafadhali usiifanyie kazi nakala hiyo. Programu hizo hubuni zinapokosa kuona. Juu ya ubao wa kiduka zimechora herufi ambazo katika skani ya asili hazipo.

Kwa sasa ningeandika hivi chini ya picha zako. Ya kwanza: Mombasa, Mji wa Kale, njia ya matoroli, kadi iliyochapwa baada ya 1902. Ya pili: mkono wa bahari nyuma ya Mji Mkongwe, kutoka upande wa Darajani, baada ya kujengwa kwa minara ya Mtakatifu Yosefu. Ya tatu: Unguja kutoka baharini, 1897 hadi 1912, imechapwa kinyume. Ya nne: bibi, Ng'ambo, 1936 hadi 1964, mtaa bado unatafutwa. Ukipata skani ya picha hiyo ya nne kutoka kwenye karatasi yenyewe, niletee pamoja na mwaka aliozaliwa bibi, na hasa kona ya juu kulia, ambako nahisi kuna ukuta mweupe wenye matundu ambao nisingependa kuuita msikiti kabla ya kuuona vizuri.